Dobi Aliyeshinda Mashine

Alikuwa dobi, na watu walimwita hivyo hivyo, Dobi, kana kwamba alizaliwa na pasi mkononi. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu lenye alama za kuungua, mabeseni yaliyopangwa ukutani kwa ukubwa wake, na mlango wa nyuma uliofunguka kwenye ua wenye kamba za kuanikia. Mashati yaliyokwisha kupigwa pasi yalining'inia juu, kola zote zikitazama upande mmoja kama wanafunzi mstarini. Vidole vyake vilikuwa vimechubuliwa na sabuni, na ulimi wake ulichubua kuliko sabuni. Mteja aliyeleta suruali bila kutoa vitu mfukoni alisemwa mpaka akatamani kwenda kufua mwenyewe. Lakini wiki iliyofuata alirudi, maana pasi ya Dobi haikuwa na mfano.

Mumewe alikuwa mchora mabango, mtu mpole aliyeogopa ugomvi kuliko njaa. Waliishi vizuri kwa sababu mke alisema na mume alisikiliza, au alijifanya anasikiliza huku akichanganya rangi.

Katika watu wote aliowahi kugombana nao, na hawakuwa wachache, hakuna aliyemkera Dobi kama wifi yake, dada wa mumewe. Siku ya harusi wifi huyo alimshika mkono mbele ya wageni, akaugeuza kiganja na kusema, "Kaka kaoa brashi ya kusugulia sakafu." Watu walicheka. Bibi harusi alicheka nao, lakini moyoni akapiga fundo, na miaka ikapita fundo likiwa palepale. Wakikutana kwa mama mkwe walisalimiana kwa meno tu.

Wifi alikata tiketi kwenye ukumbi wa burudani uliokuwa mwisho wa barabara. Jumapili mchana palipigwa muziki, wakaletwa wachekeshaji, kisha yakaja mashindano ya zawadi. Kila aliyelipa kiingilio alikatiwa tiketi vipande viwili. Kimoja alibaki nacho, cha pili kiliingizwa kwenye pipa la bati lenye mpini. Mwisho wa burudani mshereheshaji, ambaye kwa kelele zake watu walimwita Tarumbeta, alilizungusha pipa jukwaani, akafunua kifuniko, akazamisha mkono na kutoa kipande cha mshindi.

Mwanzoni watu walifurahia. Baadaye wakaanza kunong'ona. Aliyeshinda televisheni alikuwa mgeni ambaye hakuna aliyemjua, na hakuonekana tena. Aliyeshinda pikipiki, mgeni vilevile. Watu wa mtaa, waliojaza viti kila Jumapili, walikuwa wakishinda kofia.

Aliyekuwa na kofia nyingi kuliko wote ni Mama Mkaa, jirani wa Dobi, mjane aliyeuza mkaa kwenye kibanda cha mabati upande wa pili wa barabara. Huyu ndiye aliyekuwa rafiki wa pekee wa Dobi. Walikopeshana kiberiti na matusi. Mama Mkaa aliuza mkaa wiki nzima kofia ikiwa kichwani, na Jumapili alifunga kibanda mapema akaenda kununua tiketi.

"Wanakula jasho lako na wewe unawapigia makofi," Dobi alimwambia.

"Bahati haina mwenyewe."

"Ina mwenyewe, na ufunguo wa ukumbi anao mfukoni."

"Basi wewe kaa na mabeseni yako, shoga. Mimi nikishinda nitakupa kofia moja."

Ndipo ukumbi ulipoleta mashine ya kufulia. Iliwekwa jukwaani, nyeupe, imefungwa utepe mwekundu, na Tarumbeta akatangaza kwamba itatolewa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kiingilio kikapandishwa. Mume wa Dobi ndiye aliyeitwa kuchora bango: mashine yenyewe imezungukwa na nyota, na chini yake maneno makubwa, KILA TIKETI NI MLANGO. Dobi alilitazama bango likikauka uani, akasema, "Mlango wa kutokea." Mumewe akaendelea kuosha brashi.

Lakini mashine ilimwingia moyoni. Asikwambie mtu, dobi hawezi kupita mbele ya mashine ya kufulia asigeuze shingo. Mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua, na nyakati za mvua mashuka ya nyumba za wageni yalirundikana mpaka yakatoa harufu. Alijikuta akiongea kuhusu mashine huku akijifanya anaisema vibaya.

Wiki ile ya mwisho wifi akaja. Alikuja na mfuko wa machungwa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasifu mashati.

"Wifi yangu, Jumapili hii usikae nyumbani. Njoo ukumbini ufurahi kidogo. Kazi haiishi."

Dobi aliendelea kupiga pasi. Alijua kwamba adui akikuletea maji ya kunywa, uyamwage kwanza uone kama majani yatakauka.

"Tangu lini unanitakia furaha?"

"Aa, wifi! Hatuwezi kuzeeka tukiwa paka na panya. Hata mama kasema."

Na kweli mama mkwe alikuwa amesema. Jioni hiyo mume naye akasema, kwa sauti ile yake ya kuomba radhi kabla ya kosa: "Nenda tu, mke wangu. Dada kajishusha. Ukikataa nitaambiwa mke wangu ana moyo wa jiwe."

Akaenda. Alivaa gauni lake la bluu, akajipanga foleni kama wengine, na alipofika dirishani akalipa kwa mkono wake, ingawa wifi alimwonyesha kwa jicho kwamba apite tu. "Sipendi vya bure," alisema. Wifi akakata tiketi, akampa kipande kimoja. Kipande cha pili Dobi hakuona kimeenda wapi, maana nyuma yake watu walikuwa wakisukumana.

Ukumbi ulifurika. Mama Mkaa alikuwa mstari wa pili na kofia yake. Alipomwona Dobi akaangua kicheko. "Mwenye mabeseni! Nawe umekuja kuliwa jasho?" Wakakaa pamoja, wakacheka pamoja na wachekeshaji, na kwa muda ule Dobi aliona kwamba labda alikuwa amejinyima starehe kwa ukaidi tu.

Tarumbeta akalizungusha pipa. Akakunja mikono ya shati mpaka kwenye kiwiko, akawaonyesha watu viganja vitupu, akafunua kifuniko. Nambari iliposomwa Dobi hakuitambua. Mama Mkaa ndiye aliyechungulia kipande chake, akasema kwa sauti kavu, "Ni wewe."

Alipanda jukwaani. Ukumbi ulipiga makofi. Walimjua! Hatimaye mtu wa mtaa, mtu wanayempelekea nguo zao! Tarumbeta akamkumbatia, picha zikapigwa, Dobi akaweka mkono juu ya mashine na kuhisi baridi yake nzuri, na macho yakamjaa machozi. Alifikiri moyoni kwamba ameonekana. Miaka yote ya kusugua uchafu wa wengine, hatimaye ameonekana.

Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Si wifi yake yule wa dirishani?"

Makofi yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mtu akarudia, mwingine akaongeza. "Wifi yake! Wamepeana wenyewe kwa wenyewe!" Wakaanza kuzomea. Ganda la chungwa likampiga begani. Tarumbeta akaamuru muziki, na Dobi akashushwa kwa mlango wa nyuma, mashine ikapakiwa kwenye mkokoteni. Njia nzima hadi kwake watu walimsindikiza kwa miluzi. Mume aliufungua mlango wa chumba cha kazi, wakaiingiza mashine na kuiweka kando ya meza. Haikuwa na mpira wa maji wala waya wa umeme. Waliambiwa vitaletwa.

Asubuhi yake Dobi alivuka barabara kumpa Mama Mkaa habari za usiku alivyokosa usingizi. Mama Mkaa alikuwa akipima mkaa. Kofia hakuivaa.

"Shoga, huoni mtu?"

"Namwona. Mwizi namwona vizuri kabisa."

"Mwizi nani?"

"Miezi yote hiyo unanicheka, kumbe unasubiri zamu yako. Umekula na wezi halafu unakuja kuniuliza kama ninakuona."

Dobi aliapa. Aliapa kwa kaburi la mama yake, akaapa kwa macho yake mawili. Mama Mkaa akamgeuzia mgongo na kuendelea kupima. Ugomvi wao wa kila siku ulikuwa na kelele. Huu haukuwa na kelele, na Dobi akarudi kwake.

Wateja nao wakapungua. Mwalimu aliyeleta mashati kila Jumatatu alipita na fungu lake kwapani, akakata kona kwenda kwa dobi wa barabara ya nyuma, mwanamume mmoja mvivu aliyepiga pasi mikunjo juu ya mikunjo. Waliobaki waliweka nguo mezani kwa vidole viwili na kuuliza, "Siku hizi unafua kwa mashine ya wizi?" Dobi aliwajibu wote, na kila alivyojibu ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Mtu mkali akisingiziwa hana mtetezi. Watu husema ukali wake ulikuwa wa kuficha.

Siku ya nne mchana wakaja watu watatu: wifi, Tarumbeta, na mpagazi mwenye mkokoteni. Mume alikuwa ndani, amekaa juu ya ndoo ya rangi akila. Dobi alifikiri wameleta waya na mpira wa maji.

"Tumekuja kuichukua," Tarumbeta alisema, safari hii kwa sauti ya kawaida, nyembamba.

"Kuichukua kwenda wapi?"

"Inarudi ukumbini, mama. Wewe utaletewa asante yako, usiwe na wasiwasi. Wifi yako hakukueleza?"

Dobi alimtazama wifi. Wifi alimtazama kaka yake. Kaka mtu aliitazama sahani.

"Nilimwambia yeye akuambie," wifi alisema.

"Anieleze nini?"

"Jamani, wifi, wewe si mtoto. Watu walikuwa wanapiga kelele kwamba hashindi mtu wa hapa. Mwenye ukumbi akataka uso unaojulikana. Nikasema ninaye mtu wa nyumbani, hataleta maneno. Umepiga picha, umepigiwa makofi, imekwisha. Sasa tuachie mashine yetu."

"Mashine yangu. Nililipa tiketi, nambari yangu ikatoka."

Wifi akacheka, kicheko kilekile cha siku ya harusi. "Unadhani ulishinda? Kipande chako hakikuwa na wenzake mle ndani! Kilibandikwa kwa chingamu chini ya kifuniko. Pipa linazunguka, vya wenzako vinarushwarushwa, chako kimetulia kama mwenye nyumba. Huyu hapa anafunua kifuniko, anakibandua, anauzamisha mkono, anautoa. Bahati! Wewe wa kupata bahati wewe?"

"Funga mdomo," Tarumbeta alimwambia, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Dobi hakusema kitu mara moja, na jambo hilo lilimtisha mumewe kuliko kelele. Alikuwa akiukumbuka mkono wake juu ya bati lile baridi, na machozi yake mbele ya umati. Kudhulumiwa alikuwa amezoea. Lakini hawa walikuwa wameitumia hata furaha yake. Akachukua pasi ya mkaa, iliyojaa makaa mekundu, akaishika kwa mkono wa kulia.

"Tokeni."

"Mama, tusifike huko..."

"Nitakupiga pasi hilo shati ukiwa ndani yake. Tokeni!"

Mpagazi alikuwa wa kwanza kutoka. Tarumbeta akamfuata. Wifi alibaki mlangoni kidogo, akasema, "Utaona. Nani atakuamini? Wote wanajua umeshiriki." Kisha akaondoka.

Dobi akamgeukia mumewe. "Ulijua."

"Nilijua nusu."

"Nusu ipi?"

"Kwamba utashinda. Nilifikiri... nilifikiri utafurahi. Ya kurudisha walinieleza baadaye, nikakosa pa kuanzia. Halafu mabango yao ndiyo yanatulisha, mke wangu."

"Mabeseni ndiyo yanatulisha. Mabango yanakununulia brashi."

Usiku huo mume alilala kwenye chumba cha kazi, baina ya mashine na mashuka ya watu. Kesho yake mama mkwe akaja kwa fimbo yake, mwanamke mzee mwenye akili, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti mkwe wake.

"Mwanangu, rudisha kitu cha watu. Familia isije ikaanikwa barabarani."

"Mama, nikirudisha watakitoa tena Jumapili nyingine. Mama Mkaa atanunua tiketi tena. Wewe utafurahi?"

"Mama Mkaa si mwanangu. Yule wa dirishani ndiye mwanangu. Na wewe pia."

"Basi nikae nayo?"

"Ukikaa nayo ni mwizi kama wao."

"Mama, unaniambia nisirudishe wala nisikae nayo."

"Mimi nimekuambia rudisha. Hayo mengine umeyasema wewe mwenyewe," mama mkwe alijibu, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaondoka. Alikuwa amesema ukweli. Dobi alikaa na maneno hayo siku mbili, akifua kwa hasira hadi akararua shuka la nyumba ya wageni.

Jumapili akavaa gauni lake la bluu tena. Akakodi mkokoteni, wakapakia mashine, na utepe wake mwekundu juu. Mume alisimama mlangoni. "Unakwenda wapi?" akauliza, ingawa alijua. "Kufua," Dobi akajibu.

Alipofika ukumbini foleni ilikuwa imekwisha na burudani iko katikati. Alikwenda dirishani akalipa kiingilio. Wifi alikata tiketi. "Wifi, nakuomba," alisema chini chini. Huo ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu harusi, na ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake. Dobi alichukua kipande chake na kusukuma milango ya ukumbi. Mwenye mkokoteni akaingia nyuma yake, magurudumu yakilia.

Watu walianza kuzomea kabla hajafika katikati. "Mwizi karudi! Kaja kuchukua na pasi ya umeme!" Tarumbeta alikuwa jukwaani na pipa lake. Zawadi ya siku hiyo ilikuwa jokofu.

"Nimeleta mashine yenu," Dobi alisema. Hakuwa na kipaza sauti, lakini mwanamke aliyezoea kuita wateja ng'ambo ya barabara hahitaji. "Sikuishinda. Mlizomea, na mlikuwa na haki ya kuzomea, ila mlimzomea mtu asiyehusika. Kipande changu kilibandikwa chini ya kifuniko kwa chingamu. Na cha leo kimebandikwa palepale. Kigeuzeni mkione."

Tarumbeta akacheka kwenye kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, mama huyu joto la pasi limempanda kichwani. Anataka na jokofu!" Watu wakacheka naye. Hilo ndilo lililomwuma Dobi kuliko yote: waliibiwa kila Jumapili na bado walicheka upande wa mwizi.

Mama Mkaa akasimama kutoka mstari wa pili. Uso wake haukuwa na huruma. "Mimi nitafunua," alisema. "Nataka huyu mwanamke aumbuke mbele ya watu wote, nimalizane naye." Akapanda jukwaani. Tarumbeta akajaribu kulikumbatia pipa. Mama Mkaa, mtu wa kubeba magunia, akamsogeza kwa bega kama pazia. Akafunua kifuniko na kukigeuza.

Alikaa akikitazama. Kisha akabandua kitu kwa kucha. Uzi wa chingamu ukavutika kutoka kwenye bati, mrefu, na mstari wa mbele wote wakauona. Akasoma nambari kwa sauti. Hakuna aliyejibu, ila mwanamume mmoja mwenye shati jekundu, ambaye hakuna aliyemjua, alikuwa ameinuka na kuanza kutafuta njia kati ya viti.

"Wewe!" Mama Mkaa alinguruma. "Bahati yako hii hapa, unakwenda wapi?"

Viti vikaanguka. Tarumbeta alitorokea mlango wa nyuma akiacha kiatu kimoja. Mwenye shati jekundu alipigwa makofi mpaka akakubali yote. Halafu mtu mmoja akapiga kelele, "Dirishani! Yule mkata tiketi!" na kundi zima likageuka.

Dobi alifika kabla yao kwa sababu alikuwa karibu na mlango. Kibanda cha tiketi kilikuwa na mlango mwembamba wa mbao, na ndani yake alimsikia wifi akilia na kuvuta kitasa. Akageuka, akaegemeza mgongo mlangoni.

"Ondoka!" mwanamume wa mbele alimwambia. "Huyu katuibia!"

"Katuibia. Nami kaniibia zaidi yenu. Mwenye kumpiga huyu ni mimi, na leo sina nafasi. Rudini nyuma!"

"Unamtetea kwa sababu ni wifi yako!"

"Ningekuwa natetea wifi ningekaa nyumbani na mashine. Mjinga huyu alitumwa. Aliyemtuma ana ofisi juu, mlango una jina lake, mbona hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi?"

Wakatazama ngazi. Hakuna aliyepanda. Mwenye ukumbi akashuka mwenyewe, mtu mnene mwenye adabu, akisema ameshangazwa na kuumizwa na aliyoyasikia, kwamba alimwamini Tarumbeta kama mwanawe, kwamba tangu leo Tarumbeta hana kazi. Watu wakadai fedha zao. Mwenye ukumbi akasema atawapa kitu bora zaidi, tiketi za bure za Jumapili ijayo. Na wengi, niamini, wakapanga foleni kuzipokea.

Dobi aliwatazama kwa dharau.

Lakini mashine ilikuwa bado juu ya mkokoteni, na mwenye ukumbi hakuthubutu kuidai mbele ya macho yale. Watu wakaamua ichezwe upya, hapo hapo, na vipande vyote vya siku hiyo vimwagwe kwenye beseni alilotoa mpishi wa ukumbi. Dobi alichukua kipande alichobaki nacho akakirarua. Mama Mkaa akachagua mwanamke mmoja mwenye miwani achote akiwa amefumba macho. Nambari ikaenda kwa fundi saa mwenye kigugumizi, aliyekuja ukumbini mara ya kwanza maishani kwa sababu ya mvua. Ilimchukua muda mrefu kusema ahsante. Kesho yake aliiuza mashine kwa dobi wa barabara ya nyuma, yule mvivu, na ikawa mashati ya mwalimu yanafuliwa kwa mashine, yanapigwa pasi vibaya kama kawaida.

"Ungenipa mimi," Mama Mkaa alimwambia Dobi wiki hiyo, akiwa amesimama mlangoni kwake kwa mara ya kwanza tangu ugomvi.

"Uliniita mwizi."

"Nilikuita. Na ningekuwa mimi, ningekaa nayo kimya, ndiyo maana nilikasirika."

Hakuomba radhi zaidi ya hapo. Dobi naye hakudai. Alimpa kiti, wakagombana kuhusu bei ya mkaa. Wateja nao walirudi mmoja mmoja, na kila mmoja alidai kwamba yeye hakuwahi kumshuku. Dobi aliwakumbusha, kwa jina la nguo: "Wewe wa suti ya kahawia, wewe ndiye uliyerusha ganda."

Ukumbi ulifunguliwa tena na mshereheshaji mpya na pipa la kioo. Watu walijaa kama zamani. Mwenye ukumbi alimtumia mume wa Dobi ujumbe aje kuchora bango jipya. Alikaa na ujumbe huo kutwa nzima, na jioni akamwambia mkewe amekataa. "Nani kakuuliza?" Dobi alisema, lakini usiku ule alimruhusu kurudi chumbani.

Wifi alifukuzwa kazi siku ileile aliyofukuzwa Tarumbeta. Alihamia kwa mama yake. Hakuwahi kumshukuru Dobi kwa kusimama mlangoni. Aliwaambia watu kwamba wifi yake ndiye aliyemharibia maisha, na kwa upande wake huo ulikuwa ukweli.

Walikutana miezi mitatu baadaye, kwa mama mkwe, aliyekuwa na homa na aliyewaita wote wawili makusudi. Wifi alikuwa akikunja blanketi. Dobi aliingia na fungu la mashuka safi.

"Salimianeni," mama mkwe alisema kitandani. "Sitaki kufa katikati ya kelele."

"Hufi, mama, ni homa tu," Dobi alisema.

"Salimianeni!"

Wifi akaweka blanketi chini, akanyoosha mkono. Dobi hakuupokea, maana mikono yake ilikuwa imejaa mashuka. "Hujambo," akasema.

"Bado una mdomo," wifi akasema.

"Na wewe bado una mkono mrefu."

Mama mkwe akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, wakamwinua wote wawili, mmoja huku na mmoja huku, akiwa bado anacheka. Alipopata pumzi aliwafukuza nje kwa fimbo. Walitoka, wakasimama uani, kila mmoja akitazama ukuta wake.